Moyo wa Jirani Ng'ambo ya Bahari

Tumfikirie mama mmoja wa Wete, kisiwani Pemba, mwenye umri wa miaka 35. Tangu utoto wake huchoka upesi kuliko wenzake, na msimu wa karafuu hukaa mara kwa mara kivulini kutafuta pumzi. Watu walimwita mvivu. Leo mganga amesikia sauti isiyo ya kawaida moyoni mwake, naye adhani kwamba alizaliwa na tundu kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Tundu la namna hiyo laweza kufichika miaka mingi, huku damu ikipita mahali pasipo pake na kuyaelemea mapafu.

Kipimo cha kwanza ni cha mawimbi ya sauti, lakini kwa mtu mzima pengine hakionyeshi yote. Hapo ndipo ifaapo mashine ya MRI. Kwa nguvu ya sumaku na mawimbi ya redio, pasipo eksirei, huonyesha umbo la moyo na kupima damu iendayo mapafuni na ile iendayo mwilini. Hesabu hiyo huwasaidia waganga kuamua kama tundu lizibwe au liachwe. Lakini Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, iko Dar es Salaam. Mama wa Wete hana budi kuvuka bahari. Na kuna nauli, malazi, mtu wa kumsindikiza, na watoto waliobaki nyumbani.

Je, dhamiri yamlazimisha kwenda? Papa Pius XII, akisema na waganga tarehe 24 Novemba 1957, alifundisha kwamba kwa desturi mtu hulazimika kutumia njia za kawaida tu za kulinda uhai, kadiri ya hali ya watu, mahali na nyakati. Yaani njia zisizomletea yeye wala wengine mzigo mzito mno. Basi mama asiyeweza safari hiyo asihukumiwe, wala mumewe asiitwe mkatili kwa kuwa hakuuza shamba lililishalo watoto.

Lakini tusidanganyane. Fundisho hilo lamfariji mgonjwa. Halikutolewa ili sisi wengine tulale usingizi. Kipimo kile kile ambacho mkazi wa Kariakoo hukifikia kwa daladala, kwa mkazi wa Wete ni mzigo wa kuvunja mgongo. Mioyo yao ni sawa. Kilichowatenga ni bahari na fedha. Na mzigo wa bahari na fedha, watu waweza kuupunguza: kwa bima, kwa mchango, kwa kumkaribisha mgonjwa nyumbani siku za vipimo.

Wengine watasema kwamba fedha hizo zingefaa zaidi kununua chanjo na dawa za wengi. Ni kweli, mahitaji ya wengi yatangulie. Ila kutangulia si kufuta. Mtu mzima aliyebeba kilema tangu tumboni mwa mamaye hakukosa haki yake kwa sababu tu alivumilia kimya.

Basi, kabla hatujamwuliza mama wa Wete kwa nini hakwenda, tujiulize sisi: tulimwachia njia gani?