Damu ni amana, tusisubiri kuitwa hospitali

 

Ndugu zangu Waislamu, katika Suratul Muuminun, aya ya 12 hadi ya 14, Mwenyezi Mungu anatutajia hatua za kuumbwa kwetu, tangu udongo na tone la manii hadi mifupa ikavishwa nyama. Watoto wetu wanazihifadhi aya hizi madrasa. Sisi wazazi wao, je, tumewahi kukaa tukazingatia nyama na mifupa hiyo vina kazi gani?

Wataalamu wa afya wanatufahamisha kuwa mwili umejengwa kwa seli, na seli zinazoshirikiana kazi huunda tishu. Tishu ziko za aina kuu nne. Ya kwanza ni ya kufunika, kama tabaka la juu la ngozi na utando wa ndani wa utumbo. Anayebangua korosho kule Chinongwe, wilayani Ruangwa, anajua mafuta ya ganda yanavyounguza vidole. Ngozi ikabambuka, na mpya ikaota. Ya pili ni misuli, inayonyanyua jembe na kusukuma moyo. Ya tatu ni ya neva, inayopeleka habari kwenye ubongo na kurudisha amri. Ya nne ni ya kuunganisha na kushikilia, nayo ni mifupa, kano, mafuta na, jambo ambalo wengi hawalijui, damu. Naam, damu ni tishu, ila imeumbwa majimaji ili ifike kila pembe ya mwili.

Tishu hizi hazilingani katika kujirudishia. Sehemu ya msuli wa moyo ikifa, hubaki kovu. Neva za uti wa mgongo zikikatika, mtu hupooza. Lakini chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120, na uboho ulioko ndani ya mifupa hutengeneza nyingine usiku na mchana. Mtu akitoa damu, majimaji yake hurudi ndani ya siku moja au mbili, na chembe nyekundu ndani ya wiki chache. Hapa mna mazingatio makubwa kwa mwenye akili. Mola wetu ametupa tishu tunayoweza kumgawia mwenzetu nasi tukabaki wazima.

Kwa nini basi tunasita?

Wapo wanaosema damu ni haramu. Ni kweli, Suratul Maida aya ya 3 imeharamisha damu, lakini makatazo hayo ni ya kuila. Mgonjwa hali damu. Anarudishiwa kile kilichompotea, naye yuko katika dharura. Mwaka 1988, Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu (OIC), lilipokutana Jeddah, liliruhusu, kwa masharti ya sheria, kumhamishia mtu kutoka kwa mwenzake kile kinachojirudishia chenyewe, likataja damu na ngozi. Baraza hilo hilo lilikataza kufanya viungo vya binadamu kuwa bidhaa.

Wengine wanahofia kuishiwa nguvu. Hawa nao wana haki ya kuelezwa. Anayetoa hupimwa kwanza wingi wa damu na uzito, usiopungua kilo 50. Mwanaume hutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Damu yenyewe hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende.

Ndugu zangu, mzazi anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki katika muda wa saa chache tu. Mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria naye hana muda. Kumfuata ndugu shambani, kumfikisha hospitali ya wilaya, kumpima, na pengine kukuta damu yake haioani na ya mgonjwa, yote haya yanakula muda ambao mgonjwa hana. Chupa inayookoa ni ile iliyokwishapimwa na iko jokofuni.

Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza mwaka 2004, na kituo chake cha kanda ya kusini kiko Mtwara. Kwa miaka mingi wanafunzi wa sekondari wamekuwa tegemeo kubwa, na shule zikifungwa akiba hupungua. Chembe nyekundu zenyewe hukaa jokofuni wiki tano au sita tu. Basi kutoa mara moja kwa mwaka kwenye sherehe hakutoshi.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kuwa waumini katika kuhurumiana ni mfano wa mwili mmoja, kiungo kimoja kikiugua, mwili wote hushiriki kwa homa na kukesha. Tazameni sasa hali yetu. Jirani akifa, hatuhitaji kusukumwa. Sanda inapatikana, kaburi linachimbwa, tunamswalia, kwa sababu tunajua ni faradhi ya kutosheleza. Je, alipokuwa hai anahitaji chupa moja tulikuwa wapi? Na Suratul Maida hiyo hiyo, aya ya 32, inatufunza kuwa kuihuisha nafsi moja ni kama kuwahuisha watu wote.

Nawaomba maimamu wetu wa Chinongwe, Ruangwa na Nachingwea walizungumze jambo hili katika hotuba za Ijumaa, na kamati za misikiti zikubaliane na hospitali za wilaya siku maalumu za kuchangia, zirudiwe kila miezi mitatu, msimu wa ufuta na wa korosho, mvua na kiangazi. Akina mama nao watengewe sehemu yao ya stara. Damu iliyomo mishipani mwetu ni amana, na tutaulizwa juu yake.