Je, Aliyeumizwa Ana Ruhusa ya Kuumiza?

Wazee walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Neno hili ni la kweli, lakini mara nyingi linatumiwa vibaya. Mtu mzima anampiga mke wake au kumtukana mtumishi wake, na akiulizwa anajibu: «Mimi nililelewa hivyo.» Ndugu wasomaji, jibu hilo latosha? Swali hili lilitujia tulipokwisha kusoma kitabu kimoja cha picha kilichotoka Marekani mwaka 2020.

Mwandishi wake ni Holly Black, na aliyechora picha ni Rovina Cai. Kinafuata vitabu vitatu vya mwandishi huyo vilivyotoka mwaka 2018 na 2019. Habari zake ni za viumbe wa hadithi za kale za Ulaya: wanafanana na watu, wana uchawi, wala hawawezi kusema uongo. Nchi yao inaitwa Elfhame. Katika vitabu vya kwanza tunamwona Cardan, mwana wa mfalme, akimtesa Jude, msichana wa kibinadamu anayesoma pamoja naye. Baadaye Cardan anatawala. Kitabu cha picha kinarudi nyuma na kutuonyesha utoto wake.

Ulikuwa utoto wa namna gani? Alitabiriwa kuwa ataangamiza taji. Baba hakumjali, mama hakumtunza. Alisingiziwa kosa la kuua, akafukuzwa katika jumba la mfalme. Kaka yake Balekin alimpokea, lakini nyumbani kwake, kama kitabu cha kwanza kilivyokwisha kutuambia, aliamuru apigwe. Moyo wa msomaji unalainika, na inafaa ulainike.

Hata hivyo tufikiri vizuri. Kujua chanzo cha ubaya si kuuruhusu. Nani alimwumiza Cardan? Ni watu wa nyumba yake. Naye alimwumiza nani? Jude, ambaye hakumkosea. Deni la mmoja limedaiwa kwa mwingine. Nani kati yetu angekubali kulipa deni la namna hiyo? Tena Jude mwenyewe aliona wazazi wake wakiuawa alipokuwa na miaka saba. Kama maumivu yangekuwa ruhusa, kila mtu angekuwa nayo, na mapigo yasingekwisha kamwe.

Basi, habari za utoto hazina faida? Zinayo kubwa. Anayezijua anaweza kumrudi mkosaji bila kumchukia, na kumzuia asiumize tena bila kumtupa.

Ndani ya kitabu hicho, zimwi mwanamke, jina lake Aslog, anamsimulia Cardan hadithi ya mvulana mwenye ulimi mbaya na moyo wa jiwe. Siku nyingine anaisimulia tena, nayo imegeuka. Mara ya tatu msimulizi ni Cardan mwenyewe, na hadithi inageuka tena. Mvulana ni yule yule. Ndivyo ilivyo kwetu: tuliyotendewa utotoni hayafutiki, lakini tukiisha kuwa watu wazima, sehemu iliyobaki iko mikononi mwetu.

Kwa hiyo, sisi wazazi, tunapoinua fimbo kwa hasira, tujiulize kwanza tunamlipa nani. Mtoto anayesimama mbele yetu siye aliyetupiga zamani.