Meli: Mkoba Uliogeuka Chombo

Neno meli, ambalo mkazi wa Itungi wilayani Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, hulitumia kila anapotaja chombo kinachokwenda Lupingu, Manda, Liuli na Mbamba Bay, limetokana na mail la Kiingereza, ingawa Mwingereza wa leo akilisikia hufikiria barua na vifurushi vya posta. Hata barua si maana yake ya kwanza. Kiingereza kililichukua kutoka Kifaransa cha zamani, ambako lilikuwa jina la mkoba au sanduku la msafiri, na hadi sasa Wafaransa huliita sanduku kubwa la safari malle. Kufikia karne ya 17 Waingereza walikuwa wakilitumia kutaja mkoba wa barua, kisha jina la mkoba likahamia kwenye barua zilizomo, na baadaye kwenye magari ya farasi na vyombo vya majini vilivyozibeba. Uhamaji huu huitwa taashira, yaani kitu kupewa jina la kingine kinachoambatana nacho.

Mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza kupeleka posta Unguja kwa stima kila mwezi kutoka Aden, na ni vyombo vya huduma kama hiyo vilivyowapa Waswahili neno hili. Barua ilikwisha kuwa na jina lake, lenye asili ya Kiarabu. Kilichochukuliwa ni jina la chombo. Wanaouona ukopaji wa maneno kuwa umaskini wa lugha hawautendei haki uteuzi wa namna hii, kwa kuwa mkopaji alichukua alichokihitaji na kuacha kilichobaki.

Katika Ziwa Nyasa neno hilo limebeba uzito mkubwa zaidi, kwa sababu Milima ya Livingstone huteremka karibu wima hadi majini upande wa mashariki, barabara ni ngumu, na kwa vijiji vingi vya ufukweni meli ndiyo njia ya mgonjwa, ya mwanafunzi na ya gunia la mchele wa Kyela. Ndiyo maana MV Mbeya II, yenye uwezo wa kubeba abiria 200 na mizigo ya tani 200, ilipokewa kwa furaha ilipozinduliwa mwaka 2021.

Siku hizi neno hilohilo limeingia Kiswahili mara ya pili, likiwa imeili, ambayo wengine huiita barua pepe. Hivyo katika nyumba moja ya Kyela mama huuliza kama meli imeshafika, na mwanawe hungoja imeili ya kuitwa kazini.