Jumanne: Lutu Alipochagua Mahali pa Kukaa

Soma Mwanzo 13:10–13, 18. Lutu aliangalia nini kabla ya kuchagua? Ni nini hakukiangalia?

Lutu aliona maji. Hilo si kosa. Hata sisi tukitafuta chumba tunauliza maji kwanza. Lakini habari za majirani hakuuliza. Alianza kwa kupiga hema kuelekea Sodoma. Tukifika Mwanzo 14:12 anakaa humo humo, na katika 19:14 wakweze wanadhani anafanya mzaha. Abramu naye alipofika Hebroni alijenga madhabahu.

Tuseme ndugu amepata kazi kiwandani Kibaha. Dalali anamwonyesha chumba kizuri Kimara, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Ijumaa akitoka kazini saa kumi na moja jioni, je, foleni ya Barabara ya Morogoro itamfikisha nyumbani kabla ya machweo? Kanisa liko umbali gani? Watoto watacheza na nani? Mzee wa kanisa wa huko atamjibu vizuri kuliko dalali. Kodi ikishalipwa, kuhama tena ni vigumu.

Ulipohamia unakoishi sasa, uliomba kabla ya kumlipa dalali, au baada?