Kivuli cha Mwembe Juu ya Sola

Juni mwaka juzi nilimpeleka fundi kwa mama, Kigamboni, akafunge sola. Nguzo za umeme hazijafika mtaa wao. Paneli mbili juu ya bati, betri, inveta, na friji ndogo ya kugandishia barafu za ubuyu, mama awauzie watoto wakitoka shule. Kazi ilikwenda vizuri mpaka saa nane mchana, kivuli cha mwembe kilipopanda juu ya bati na kulala kwenye kona ya paneli moja. Kona tu! Fundi akanionyesha kipimo: umeme umeshuka vibaya. Vipande vya ndani, akaniambia, vimeungwa mfululizo kama watu wanaopokezana ndoo za maji. Mmoja akilegea, wote wanasubiri.

"Kata," akasema.

Nilikubali haraka kuliko ninavyopenda kukiri. Tena nilikuwa na maneno mazuri ya kujifunika: nishati safi, mama aachane na jenereta. Yaani nilikuwa tayari kuangusha mti mzima kwa jina la mazingira, na wala sikuona kichekesho chake.

Mama hakubishana. Aliuliza tu hivyo vitu vitadumu miaka mingapi. Fundi, mtu mkweli, akasema betri kama mitatu minne, paneli huenda zikafika 25. Mama akautazama mwembe, alioupanda marehemu baba kabla mimi sijazaliwa.

"Ngojeni embe ziive kwanza."

Nilirudi Desemba. Saa tisa alasiri paneli zote mbili zilikuwa juani. Kwa sisi wa Dar es Salaam jua la Juni hupita upande wa kaskazini, la Desemba kusini, na kivuli kilikuwa kimelala kule kwenye uzio, mbali na nyumba. Jambo hili nililisoma shuleni, nikalijibia mtihani. Mama hakulisoma, lakini mkeka wake ulikuwa umeshahamia uzioni.

Ningependa kuishia hapo, mama mshindi. Lakini Juni ilirudi, na kivuli nacho. Betri haijai, friji inazimwa mapema, na barafu zinazoyeyuka ni hasara ya mama, si yangu. Mimi ninayeutetea mti siku hizi nina umeme ukutani. Hilo linanisumbua kuliko lile panga la fundi.

Rafiki yangu mmoja alinipa hoja ya kunituliza: nyumba ya bati bila mwembe ni tanuri, mngeukata mngenunua feni, na feni ingekula umeme uleule mlioupata. Ni kweli. Ila siipendi sana hoja hiyo, maana inaupa mti ajira. Ikitoka feni isiyokula umeme, tunaufukuza kazi? Baba aliupanda kwa ajili ya embe, sawa. Tangu hapo wamehamia wengine: kunguru, popo usiku, vijana wa bodaboda mchana. Kipimo cha fundi hakiwasomi hao, na mimi nilikuwa nakisoma kama vile kimesoma kila kitu.

Mwishowe tulikata tawi moja. Mama ndiye aliyeonyesha lipi, baada ya kuzunguka chini yake muda mrefu. Friji sasa tunaizima saa kumi, na barafu anagandisha chache.