MATANGAZO YA BIASHARA NA NYOYO ZA WATOTO WETU

 

Ndugu zetu Waislamu wa Pwani, leo twataka muende nasi kwa fikira mpaka Ifo, katika nchi ya Garissa, kisha turejee majumbani mwetu. Ifo ni mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab. Ilifunguliwa mwaka 1991, dola ya Somalia ilipovunjika. Kambi tatu za mwanzo, yaani Ifo, Hagadera na Dagahaley, zilikusudiwa watu 90,000. Mwaka 2011, mwaka wa ukame na njaa, waliokuwamo Dadaab walizidi 400,000. Wengi wao ni ndugu zetu katika dini.

Wasomali wa kambi hizo wana neno lao, buufis. Asili yake ni kupuliza, kama mtu atiaye pumzi katika kiriba. Hulitumia kwa ile shauku ya kuhamia ng'ambo, ambayo humshika mtu hata asiweze kutulia pale alipo. Kutaka kutoka kambini si aibu. Nani asiyetaka nyumba na nchi? Lakini Januari 2017 Serikali ya Marekani ilitoa amri ya kuwazuia watu wa nchi saba, Somalia ikiwa mojawapo, na wakimbizi waliokuwa tayari kusafiri wakakwama. Picha za Marekani zikaendelea kuingia Ifo bila ya pasi. Watu wa Ifo ndio waliofungiwa mlango.

Sasa twauliza: je, maradhi haya yako Ifo peke yake? Sisi twaona kuwa tangazo la biashara nalo ni kupuliza. Mtoto wa Mombasa, Malindi au Lamu hupewa simu ili anyamaze. Hutazama vikatuni, na katikati yake huletewa soda, peremende na michezo ya kuchezea, na watoto wenziwe wakicheka. Tangazo lile halimfunzi namna ya kupima faida na madhara. Humfahamisha tu kuwa asiye na kitu kile ni mnyonge. Mtoto aliyekuwa ameshiba huondoka na njaa isiyokuwa ya tumbo.

Hatusemi kuwa biashara ni haramu. Mtume wetu mwenyewe alifanya biashara. Wala hatuharamishi kinywaji alichokihalalisha Mungu. Kosa ni kumwendea mtoto kwa siri, ukawapita baba na mama. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 6, yatima hakabidhiwi mali yake mpaka abaleghe na busara yake ionekane. Ikiwa mali yake yahifadhiwa hivyo, vipi moyo wake tuuache unadiwe?

Wala msidhani haya ni maneno ya masheikh tu. Quebec, katika Kanada, imekataza tangu 1980 matangazo ya kuwalenga watoto walio chini ya miaka 13. Sweden ilikataza mwaka 1991 matangazo ya televisheni kwa walio chini ya miaka 12. Marekani yenyewe, idara ya kusimamia biashara ilipendekeza mwaka 1978 kuyatia mipaka. Makampuni yakapinga, na mwaka 1980 Bunge likaizuia. Mwaka 2019 Google, yenye YouTube, ilikubali kulipa dola milioni 170, ikishutumiwa kukusanya habari za watoto bila ya idhini ya wazazi ili kuwapelekea matangazo. Basi wao wanaijua khatari hii, nasi twailipia.

Tuitazame khasara yake kwa jicho la Ifo. Huko wengi huuza sehemu ya posho yao ili wapate maziwa, sukari au nguo. Katika nyumba kama hiyo, tamaa ya mtoto ikichochewa, hulipwa kwa unga wa nduguze. Na baba asipoweza kulipa, mtoto hufunzwa kumdharau babake, na kuyadharau maziwa ya ngamia na maji ya dafu kwa kuwa hayana picha ubavuni.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha, katika Sura ya At-Tahrim, aya ya 6, tujikinge sisi na watu wetu na Moto. Basi simu isifanywe yaya. Tukae na watoto, tuwafunze kuuliza: nani amelilipia tangazo hili, naye ataka nini kwangu? Walimu wa vyuo nao wasomeshe ukinaifu kama wanavyosomesha udhu. Na sisi wakubwa tuache kushindana kwa harusi na mapambo, kwani mtoto hufuata atendalo mzazi.

Lakini tujihadhari: ukinaifu huhubiriwa kwanza kwa mwenye navyo. Kumwambia mwenye njaa akinai, nasi tumeshiba, si dini. Tutakachokiokoa katika israfu yetu, haki ya wenye dhiki wa Ifo imo ndani yake.

Ewe Mola, zitosheleze nyoyo zetu kwa halali yako, na uwalinde watoto wetu. Amin.