Simu Inatafsiri, Lakini Nani Atawajibika?

Siku hizi wengi wetu tunaingia kwa daktari tukitegemea simu itutafsirie. Simwoni mwenye kosa. Simu haichoki, haina haraka, wala haisimulii habari zako kwa majirani. Kuulizia maabara ilipo au siku ya kurudi, inatosha kabisa.

Swali ni hili: ikikosea, nani atawajibika? Mgonjwa akisema alimeza dawa saa mbili asubuhi, kwa saa za Kizungu ni saa 8. Mashine inaweza kuandika saa 2. Mkalimani aliyefunzwa atasimama na kuuliza tena. Simu haimwoni mama anayeitikia kwa kichwa bila kuelewa.

Wengine humtanguliza mtoto. Hilo ni zito zaidi. Mtoto wa miaka 10 hapaswi kuwa wa kwanza kujua kwamba baba yake ana saratani.

Hapa Marekani, hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupatia mkalimani bila malipo. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Kanuni zilizotolewa 2024 zinataka hata maandishi muhimu yaliyotafsiriwa na mashine yapitiwe na mtafsiri mwenye ujuzi. Kwa hiyo omba mkalimani kabla ya kusaini. Humsumbui muuguzi, unamsaidia.

Simu tuiachie mambo ambayo kosa lake linarekebishika. Panapoamuliwa uhai, tutake mtu anayeweza kuulizwa.